Kwa wakwe Mufindi: sweta, komoni na moto wa Oktoba

Wiki hii weka pembeni mambo ya ufukweni na mishikaki. Tafuta sweta, twende Mufindi. Ndiyo, sweta, hata kama ni Oktoba na wewe huko uliko unalala na feni mbili.

Safari yenyewe ilikuwa ya ukweni. Mama watoto ni Mhehe wa kule, na bibi yake alikuwa katuma salamu kwamba atakufa bila kumwona kitukuu wake. Ukiitwa hivyo na bibi huanzi kuuliza nauli. Tukafungasha: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka minne, na shemeji yangu, kijana wa Kariakoo anayeuza makava ya simu. Huyu shemeji alikuwa na safari yake ndani ya safari yetu. Alikuwa anakwenda kuhesabu miti.

Kama una mshikaji wa Njombe, Kilolo au Mufindi hapa mjini, hesabu hiyo unaijua. Panda paini shamba la nyumbani, subiri miaka kumi, uza, jenga. Vijana wengi wa Dar wana miti huko ambayo hawajaiona tangu ikiwa kwenye viriba. Shemeji alipanda ya kwake miaka saba iliyopita kwenye eneo la bibi, na tayari alikuwa ameshaigawa kichwani: kiwanja Chanika, mahari, na kinachobaki anunue pikipiki.

Basi bwana, tukatoka Dar alfajiri. Hadi Mafinga ni karibu kilomita 600, kutwa nzima. Mikumi dereva akapunguza mwendo, na usidhani ni kwa heshima ya twiga, ni kwa woga wa faini ya kugonga wanyama. Ruaha Mbuyuni vitunguu vikaingizwa dirishani kwa nguvu. Halafu Kitonga. Ule mlima umeandikwa sana, mimi nitasema tu kwamba malori yanapanda kama yanaomba msamaha, na abiria wa viti vya dirishani upande wa korongo ghafla wanakuwa watu wa dini. Ilula nyanya, Iringa choo, na baada ya hapo hewa inabadilika kabisa. Unaanza kufunga vioo mwenyewe.

Mafinga ina harufu yake: maranda mabichi na utomvu. Mashine za kupasulia mbao, zile zinazoitwa dingdong, zinalia toka asubuhi, na malori ya mbao na nguzo za umeme yamejipanga barabarani. Hapo jirani ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, shamba kubwa la serikali kuliko yote nchini, ambalo sehemu yake kubwa ilipandwa miaka ya 1970 na 1980, enzi za kujiandaa na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Ukiliona mara ya kwanza utadhani uko Ulaya. Paini zimesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, kilima hadi kilima. Siku hizi hata nje ya shamba la serikali hali ni hiyo hiyo. Kila mwenye eka kapanda.

Lakini Oktoba ukiangalia chini na si juu, unaona kitu kingine. Nyasi zilishauliwa na jalidi ya Juni na Julai, zimekauka hadi zinavunjika mguuni. Chini ya paini kuna zulia la majani yake, yale membamba kama sindano, rangi ya kutu, yamerundikana hadi kwenye vifundo vya miguu. Mvua haijanyesha tangu Mei, na kuanzia saa nne asubuhi upepo unapiga. Na hapo hapo, ndio msimu wa watu kuandaa mashamba, na jembe la kwanza la wengi ni kiberiti.

Tulifika kwa bibi jioni kwa bodaboda mbili. "Kamwene," tukasalimiana, halafu shikamoo za kutosha. Bibi akamwangalia kitukuu, akampa kiazi cha moto, akamgeukia shemeji akamwita "mume wangu" na kumuuliza amemletea kanga ngapi. Nilikuwa natamani ulanzi lakini msimu wake ni wakati wa mvua, kwa hiyo mjomba akanipa komoni kwenye kopo la plastiki. Komoni ya watu wale si ya kunywa umesimama.

Asubuhi yake ndiyo nikaiona nyumba vizuri. Tofali za kuchoma, bati, jiko la nje limeezekwa nyasi. Na paini. Jamani, paini zimefika mlangoni! Nilihesabu kutoka ukuta wa nyuma hadi mti wa kwanza, hatua nne. Matawi ya chini yanagusana na nyasi, ya juu yanataka kugusa bati. Bibi hana tena upepo wa kukaushia mahindi, jua linamfikia saa tano.

Mjomba, mtoto wa bibi anayeishi naye pale, ujanani alikuwa kibarua wa msitu. Kazi yake ilikuwa kulima barabara za moto, zile njia pana tupu zinazogawa msitu ili moto ukifika ukose cha kula. Ameshapiga moto kwa matawi mabichi kuliko mimi nilivyopiga mswaki. Akanichukua tuzunguke nyumba. "Mkwe, njoo nikuonyeshe tunavyolala," akasema. Nilidhani ananionyesha vyumba.

Akaanza na kuni. Zilikuwa zimepangwa vizuri sana, chini ya upenu, zimeegemea ukuta. Ndivyo tunavyopanga sote. "Hizi ndizo zitakazotuua," akasema, kama anazungumzia bei ya sukari. Akanieleza jambo ambalo watu wa mjini hatulijui: nyumba nyingi haziungui kwa sababu ule ukuta wa moto umezifikia. Zinaungua kwa cheche. Moto mkubwa unarusha makaa mbele yake, na kwa upepo wa Oktoba yanaweza kuruka kilomita nzima na zaidi. Kaa moja linatua kwenye kuni, kwenye rundo la mabua ya mahindi, kwenye nyasi za paa la jiko, au linapenya pale bati linapokutana na ukuta, ambapo pana nafasi ya kupita panya. Mwenye nyumba yuko mbali anapambana na moto, kumbe wa kwake unaanzia darini.

Tukahamisha kuni zote hadi ng'ambo ya uwanja, hatua thelathini. Mimi, shemeji na vijana wawili wa jirani, kutwa. Ziba nafasi za juu ya ukuta kwa udongo. Fagia sindano za paini kwenye mifereji ya bati. Fyeka nyasi hadi ziwe kama nywele za mwanajeshi, na pale karibu na ukuta pasibaki hata nyasi, iwe ardhi tupu iliyofagiwa. Mama zetu vijijini wanafagia uwanja kila asubuhi sisi tunadhani ni usafi tu. Ardhi tupu haishiki moto.

Halafu chumbani kwa mjomba mdogo, chini ya kitanda, tukakuta dumu la petroli ya chenso. Nadhani nisieleze zaidi alichoambiwa na mjomba mkubwa, gazeti hili linasomwa na watoto. Dumu likatolewa, likapelekewa shimo lake mbali na nyumba.

Jiko la nyasi lilileta ubishi. Bibi hataki bati jikoni, anasema moshi unakosa pa kutokea na ugali unanuka. Wakakubaliana kwamba litabaki, lakini mwezi wa tisa hadi mvua zianze, kila jioni linamwagiwa maji, na pipa la maji linakaa mlangoni likiwa limejaa, na magunia mawili ya kulowesha, na lile bomba la mgongoni la kupulizia nyanya dawa, limeoshwa, limejazwa maji. Ngazi inaegeshwa ukutani, haifungiwi stoo.

Sasa twende kwenye suala la familia, maana nyumba ni tofali tu.

Mjomba aliita kikao baada ya chakula. Maswali yake yalikuwa mafupi. Moto ukija, nani anambeba bibi? Kimya. Kila mmoja alikuwa anajua kwamba mwingine atambeba. Nani anamchukua mtoto? Nani anafungulia ng'ombe na nguruwe? Tunakutana wapi? Mama watoto akasema barabarani. Mjomba akakataa. Barabarani kuna moshi, kuna pikipiki zinakimbia bila kuona, na pande zote mbili ni miti.

Hapo mimi mtu wa kuperuzi nikachangia. Tarehe 17 Juni 2017 huko Ureno, mahali panapoitwa Pedrógão Grande, uliwaka moto ulioua watu 66. Zaidi ya 40 kati yao walifia kwenye barabara moja tu, wengi ndani ya magari, wakikimbia. Na miti ya kule ni ipi? Paini na milingoti. Hii hii. Baada ya msiba ule serikali yao ikaanza kukazia na kurekebisha sheria ambayo ilikuwepo tangu 2006: mita 50 kuzunguka nyumba pasafishwe, tawi la mti lisikaribie nyumba chini ya mita 5, na paini au milingoti ndani ya eneo hilo iachane mita 10 toka ncha ya tawi hadi ncha ya tawi. Mwaka 2018 wakaanzisha mpango wa vijiji: kila kijiji kiwe na mtu wa kutoa taarifa, mahali pa kukimbilia panapojulikana, na mazoezi. Mjomba akasikiliza, akauliza swali moja. "Mita hamsini ni miti mingapi ya shemeji yako?"

Shemeji akaanza kuangalia simu.

Kikao kikaamua hivi. Mahali pa kukutana ni kiwanja cha mpira cha shule, upande wa goli la bondeni. Kile kiwanja ni kipara, hata mbuzi wanakipita. Kikishindikana, ni kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo hata kiangazi zina maharage mabichi na unyevu. Kupanda kilimani ni mwiko, maana moto unapanda mlima haraka kuliko binadamu. Taarifa ni rimu la gari linalotumika kama kengele ya shule: likigongwa mfululizo bila kupumua, ni moto. Namba ya zimamoto, 114, kila mtu aiweke kwenye simu, ila gari linatoka mjini na moto wa nyasi hausubiri gari. Kwa hiyo bibi, watoto na mwenye pumu wanaondoka mapema, moshi ukionekana upande wa upepo, siyo miali ikishafika. Wenye nguvu ndio wanabaki, na wao pia wakiona mambo magumu waache. Nguo za pamba, viatu vya kufunika mguu. Jezi za nailoni zinayeyukia mwilini.

Na mfuko. Mfuko mmoja wa mgongoni unaning'inia msumarini karibu na mlango: vitambulisho, hati ya kimila ya shamba, dawa za presha za bibi, tochi, chaja, maji. Bibi akaongeza mbegu za mahindi, redio, na picha ya marehemu babu iliyo kwenye fremu kubwa kama sinia. Mbegu zikakubaliwa. Picha mama watoto akaipiga kwa simu, bibi akasema hiyo ya kwenye simu siyo babu. Ikabidi fremu ivunjwe, babu akunjwe kwenye nailoni aingie mfukoni.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Majirani walicheka hadi wakakaa chini. Mara ya kwanza ilituchukua dakika 17 kufika golini, kwa sababu bibi alirudi kuchukua birika. Mara ya pili shemeji alimbeba mgongoni, dakika 9, na bibi mgongoni anapiga vigelegele. Binti yangu akataka mara ya tatu.

Kilichobaki kikawa kile kidonda: miti. Mjomba alitaka hatua thelathini tupu nyuma ya nyumba. Hiyo ni mistari saba hivi ya paini, miti ya miaka saba, ambayo leo ukiikata inakwenda bei ya mirunda, siyo bei ya mbao. Shemeji akapiga hesabu kwa sauti, na mimi simlaumu. Kijana hana mshahara, hana pensheni, hana mjomba ikulu. Ile miti ndiyo benki yake. Akasema atapogoa matawi ya chini, atafagia sindano, atalima barabara ya moto mwisho wa shamba. Mjomba akasema vyote hivyo vifanyike, na miti ikatwe vilevile, kwa sababu tawi la chini ni ngazi, lakini mti ukiwa hatua nne toka ukutani hauhitaji ngazi. Sauti zikapanda. Bibi akawa anakoroga uji tu. Mwishowe akasema, "Mume wangu, mimi nina presha na nina miaka mingi. Nitakufa na kimojawapo. Na huo mti wako usijiongeze." Watu wakacheka, kikao kikavunjika bila jibu.

Jumapili, saa nne usiku, rimu likalia.

Nikatoka nje. Kilima cha ng'ambo ya bonde kilikuwa na mstari mwekundu kama mkufu, unatembea. Sauti yake ndiyo sitaisahau, kama mvua kubwa inayokuja kwenye bati, ila mvua haikuwepo. Baadaye ilisemekana kuna mtu aliwasha shamba jioni akaenda kulala. Sheria ya Misitu ya 2002 ina mambo yake kwa watu wa namna hiyo, na kijiji kina faini zake, lakini saa nne usiku sheria haizimi kitu.

Mjomba na vijana wakachukua mapanga, matawi na mabomba ya mgongoni. Nikachukua tawi na mimi. Mjomba akaninyang'anya. "Wewe mgeni, hujui upepo wa huku. Kazi yako ulishapewa." Kweli, nilishapewa: mtoto na mfuko. Shemeji, mzee mzima wa Kariakoo, akainama bila kuambiwa, bibi akapanda mgongoni. Mama watoto akafungua banda, akafunga milango na madirisha bila komeo. Tukashuka. Safari hii hakuna aliyerudi kuchukua birika.

Golini tulikuta nusu ya kijiji, hata waliotucheka Jumamosi. Tulikaa pale hadi alfajiri tumefunikwa mablanketi ya sufi, watoto wamelala juu ya magunia. Mama mmoja mwenye pumu alishapakiwa kwenye pikipiki mapema kuelekea mjini. Kila upepo ukigeuka, watu wote wananyamaza kwa pamoja.

Moto ulisimama saa kumi na moja, sehemu kwenye vinyungu na sehemu kwenye barabara ya moto ambayo vijana waliipanua usiku ule ule. Ng'ambo ya bonde nyumba mbili ziliungua, na miti ya watu wengi, wengine wako Dar na hawajui hadi wapigiwe simu. Watu wote salama.

Tuliporudi, uwanja wa bibi ulikuwa umetapakaa vitu vyeusi vidogo. Vipande vya maganda, sindano zilizojikunja, na koni moja ya paini imeungua hadi imekuwa mkaa. Vimetua kwenye ardhi tupu vikafia hapo. Mjomba alikiokota kimoja pale chini ya upenu, kwenye alama ya mraba ambapo kuni zilikuwepo hadi Alhamisi. Hakusema neno, akaenda kunawa.

Shemeji alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Nilimwona anashika mti wa kwanza, ule wa hatua nne, anaangalia juu. Saa mbili asubuhi akampigia simu mtu wa chenso.

Ikaangushwa mistari mitatu, miti 42. Mjomba alitaka saba, shemeji akatoa mitatu na ahadi ya miwili mwakani, na iliyobaki ikapogolewa hadi juu ya kichwa cha mtu. Pesa ya mirunda ilitosha nauli yetu ya kurudi, bati sita, na kanga mbili za bibi. Pikipiki imesubirishwa. Kwenye basi shemeji alilala kuanzia Ilula hadi Chalinze, hakuona hata Kitonga.

Mvua zilianza Novemba mwishoni. Juzi bibi kapiga simu, anasema kati ya visiki kapanda maharage, yametoka mazuri, jua sasa linamfikia saa mbili. Halafu akaomba aongee na mume wake kuhusu pesa ya mbolea.